Matembezi ya Mchoma Chokaa

Mchoma chokaa mmoja alikuwa na wana wawili na haja moja. Wana walikuwa watu wazima, wenye wake na nyumba zao. Haja ilikuwa ndogo, hata ya kuchekesha: alitaka kuuona mji wake kutoka baharini, akiwa amekaa kati ya wanawe hao wawili. Mtu huyo aliitwa Shaame. Alizaliwa katika mji huo wa pwani, akazeekea humo humo, na uso wa mji wake hakuwahi kuutazama hata siku moja.

Msishangae. Mji wa pwani una uso na una kisogo, na uso wake umeuelekezea maji. Anayepita mitaani huona milango, mitaro, vichochoro na nguo zilizoanikwa. Zile nyumba kubwa zilizopangana ukingoni, nyeupe kuanzia chini hadi darini, huonwa vizuri na aliye chomboni. Na weupe ule ulikuwa kazi ya Shaame. Nguvu zake zote alizimaliza ufukweni, nje ya mji, akipanga magogo, akiyarundikia mawe ya matumbawe, akiwasha moto na kukesha nao mpaka mawe yawe laini, kisha akiyamwagia maji na kuwapimia mafundi chokaa. Hapakuwa na ukuta ulioitazama bahari usiokuwa na jasho lake. Lakini tanuu lake lilikuwa upande huu wa rasi, na mji ukaegemea upande ule. Alipeleka chokaa kwa punda, kwa njia ya nyuma, akarudi kwa njia ya nyuma.

Chokaa haina shukrani. Ilianza na mikono yake, ikaila ngozi, halafu ikahamia machoni. Uzeeni ukungu ukamjia kidogo kidogo. Nyuso za wajukuu zikampotea, akawa anawajua kwa sauti. Vitu vikubwa bado aliviona: mnara, mlingoti, kitambaa chenye rangi kali. Daktari alimwambia bila kumficha kwamba mvua za masika zitamkuta gizani. Ndipo Shaame alipoanza kuomba, na aliomba kwa aibu, kama wanavyoomba wazazi wote wanapowaomba watoto waliokwisha kuwa wakubwa.

"Wanangu, zile mashua za tanga zinazotembeza wageni mbele ya mji, mwendo wake ni wa asubuhi moja tu. Nipelekeni kabla macho hayajafunga. Mkae nami, mnisomee nyumba moja moja."

Nassoro, yule mkubwa, akamjibu, "Tutaona, baba." Hamadi, mdogo wake, akasema siku hizi pepo hazitabiriki. Baada ya siku chache Shaame akaomba tena, akaambiwa tena tutaona. Aliambiwa hivyo mtu aliyekuwa anapofuka, na hakuna kati yao aliyeona haya.

Basi ikatokea kwamba tajiri mmoja akataka kujenga hoteli ufukweni, karibu na lile tanuu la zamani, akawatamanisha wale ndugu wamkatie sehemu ya kiwanja cha baba yao. Shaame alikuwa amekwisha sema, tena mbele ya watu, kwamba kiwanja kile kisikatwe maadamu yeye yu hai. Wana waliona kuwa hilo ni neno la mzee tu, litapita. Kilichowakwamisha kilikuwa kingine. Hawakujua kiwanja kinaishia wapi.

Hapakuwa na ukuta pale wala jiwe la mpaka. Shaame alipopewa ardhi ile na mwenyewe wa kwanza, alipakiwa mashuani, upande huu huu wa rasi, akaonyeshwa alama mbili za nchi kavu, akaambiwa kwamba zikikutana, ukinyoosha mkono ufukweni hapo ndipo mwisho. Habari hiyo aliwasimulia wanawe tangu wadogo, nao walikuwa wakifukuza kaa mchangani. Walikumbuka kwamba kuna mnara. Mnara upi, na unakutana na nini, hawakujua. Nassoro alipomuuliza nyumbani, mzee alicheka akasema mpaka ule hausemeki, huonyeshwa, na huonyeshwa kutoka baharini.

Wakatazamana. Wakayatazama na macho ya baba yao, ukungu ulivyoyafunika, na kwa mara ya kwanza wakawa na haraka nayo. Jioni ile ile walirudi na sura nyingine. Wakampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: baba wewe ndiye uliyetufikisha hapa, baba tumekukosea kukuchelewesha, baba kesho kutwa tunakutembeza baharini. Shaame hakuyaunganisha mambo hayo mawili. Mzazi hana akili ya namna hiyo.

Mtaa mzima ulijua. Mzee alimwambia muuza maji, akamwambia mwadhini, akawaambia wanawake waliokaa vibarazani wakisuka ukili. "Wanangu wananitembeza," alisema, na aliyekwisha sikia alimsimulia upya. Waliokuwa wakiwasengenya wale vijana kwamba hawamtazami baba yao walijiona wadogo. Akatoa kanzu aliyoiweka kwa ajili ya Idi, akamwomba mkaza mwanawe aifukize udi, akalala mapema kama mtoto anayengoja sikukuu.

Asubuhi hiyo bahari ilikuwa tulivu na upepo ulikuwa wa kutosha. Mashua ilikuwa safi, imewekwa mito, na nahodha wake, aliyeitwa Faki, alikuwa mcheshi kwa sababu kazi yake ilikuwa kutembeza watu wenye furaha. Wana walimshika baba yao huku na huku wakampakia. Wakamkalisha kwenye mto, wakamkatia mkate wa kumimina, wakamtilia kahawa. Tanga likajaa. Shaame akatia mkono majini akacheka peke yake. Alihisi moyo wake umejaa mpaka unamuuma. Miaka yote aliyoinamia moto, hakuwahi kudhani ingefika siku akae hivi, bila kazi mikononi, na wanawe wamemkaribia kiasi cha kusikia pumzi zao.

"Tumefika mjini?" akauliza.

"Bado, mzee wangu," akajibu Faki. "Huku bado ni upande wa tanuu. Ile mbele ndiyo rasi. Tukiizunguka tu, mji wote utauona uso kwa uso."

Hapo Hamadi akasogea, akaweka mkono begani kwa baba yake. "Baba, ile habari ya kiwanja uliyokuwa ukitusimulia. Mnara na nini vile? Tuonyeshe basi, maadamu tupo."

Shaame alifurahi kuliko nilivyo na uwezo wa kuwaeleza. Kwa miaka, ukiacha lile swali la Nassoro juzi, hakuna aliyemuuliza kitu. Waliulizana wao kwa wao, yeye wakimuuliza tu kama amekula. Sasa mwanawe anataka kujua habari za asili yao, tena mahali penyewe. Akasimama, akaushika mlingoti, akamwambia nahodha apunguze mwendo, akakaza macho yake mabovu yale mpaka machozi yakamtoka. Akawaonyesha mnara wa msikiti wa mlimani, ulivyochomoza juu ya minazi. Akawaonyesha dohani ya kiwanda cha sabuni nyuma yake. Mashua ikasonga, na mnara ukawa unaisogelea dohani.

"Bado," akasema. "Bado kidogo. Bado. Sasa! Mnaona? Mnara umeifunika dohani, haionekani. Nyoosheni mkono hapo pwani. Hapo ndipo petu panapoishia, wanangu, na hapo hapo ndipo nilipowasha moto wa kwanza."

Hamadi akatoa kitambaa mfukoni, akakiinua juu, akakipunga mara mbili. Shaame alidhani mwanawe amezidiwa na furaha. Naye akavua kofia yake, akaupungia ufuo ule mtupu, kichwa chake cheupe kikiwa wazi juani.

Lakini ufuo haukuwa mtupu. Faki, ambaye macho yake yalikuwa mazima na moyo wake haukujua lolote, akasema kwa kuchangamka, "Na yule jamaa wenu kule keshapigilia kigingi. Kilipo kitambaa chekundu pale, mzee, unakiona?"

Shaame akatazama. Nyekundu aliiona. Aliitazama muda mrefu, kofia bado iko mkononi. Kama kuna mtu kati yenu amewahi kuambiwa neno la kumkata maini na mwanawe, huyo anajua jinsi lile doa jekundu lilivyomfika. Hata hivyo, katika kifua chake palikuwa na kitu kilichokuwa bado kinatumaini. Alijisemea kwamba sawa, wamepata walichotaka. Rasi ni ile pale. Huenda baada ya hapo wakakaa naye kwa raha.

Nassoro akasema, "Nahodha, geuza. Turudi."

Faki hakuelewa. "Na mji je, bwana? Tumebakiza rasi tu. Upepo mwenyewe huu, hata nusu ya safari hamjaimaliza."

"Geuza, nimekwambia. Kuna mtu anatungoja."

Mzee akageuza uso kuelekea sauti ya mwanawe mkubwa, kwa maana uso wake hakuuona.

"Wanangu," akasema, "mimi sijafika."

Hakulia, wala sauti yake haikupanda. Faki aliinamisha kichwa akajifanya anafungua kamba. Hamadi alitazama majini. Nassoro ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole, kwa maana alilelewa vizuri: "Siku nyingine, baba, Mungu akipenda. Leo upepo si mzuri kwako." Na upepo ulikuwa ule ule uliowaleta. Tanga likahamishwa, mashua ikaipa rasi mgongo. Wakamfunika baba yao shuka asipate baridi, wakamsogezea mkate uliobaki, na alipoteremka gatini walimshika mkono huku na huku vile vile walivyompakia. Kwa adabu hawakumpungukia. Mkate ule hakuweza kuumeza, akautia mfukoni mwa kanzu ya Idi.

Masika yalikuja na daktari hakuwa mwongo. Kabla ya mvua kukatika kiwanja kilikuwa kimekatwa, misingi ya hoteli imechimbwa hadi kwenye kigingi, na mahali pa tanuu pamesawazishwa. Siku nyingine haikuja. Mara moja moja Shaame alipousikia upepo mzuri ukigonga dirisha alijiinua kitandani, kisha akakumbuka kwamba hata wakija kumchukua sasa hakuna atakachokiona, akalala tena. Hasira ilimpanda, nayo ilikuwa haki yake. Usiku alijisemea maneno makali aliyokusudia kuwaambia asubuhi, na asubuhi wakija kumsalimia, aliwaitikia akawauliza hali za watoto wao.

Siku moja majirani walimtoa barazani akae na watu. Mmoja wao, si kwa ubaya, akamwuliza, "Mzee Shaame, hujatuhadithia bado. Yale matembezi yalikuwaje? Mji uliuonaje?"

Wana wake wawili walikuwa ndani ya ukumbi, wamepita kumletea sabuni na sukari. Walisikia swali, wakasimama kimya nyuma ya mlango. Neno moja la mzee lingewamaliza mtaani. Wasingeweza tena kuwaposea watoto wao wala kukaa mbele msikitini, na jina lao lingekuwa kicheko cha vibarazani mpaka kwa wajukuu.

Shaame akaanza. Akawaeleza jinsi walivyoizunguka rasi, na mji ulivyotokea wote kwa pamoja, mweupe hata macho yakamuuma. Akaitaja nyumba ya forodha na madirisha yake, akaitaja ile ya mfanyabiashara wa karafuu, akaitaja msikiti wa ukingoni na ngazi zake zilizoingia majini. Kila ukuta aliujua kwa vipimo vya chokaa alivyoupelekea, kwa hiyo hakukosea hata mmoja. Alieleza mpaka wanawake wakaacha kusuka. Akasema Nassoro alikaa kulia kwake na Hamadi kushoto, wakimsomea nyumba moja moja.

"Wanangu walinionyesha yote," akasema. "Mungu awalipe."

Watu wakaitikia amina. Macho yake yaliyokufa yalikuwa yakitiririka, na wao wakadhani ni ile chokaa.

Nyuma ya mlango Nassoro akashusha pumzi, akamgusa mdogo wake kiwiko. "Umeona?" akamnong'oneza. "Na sisi tulikuwa tukidhani kakasirika. Mzee alifurahi bwana." Wakatoka, wakambusu mkono, wakaenda zao.

Ninaona nyuso zenu. Mmewachukia vijana wale, na mmoja wenu hapo nyuma amewalaani kwa sauti. Basi jibuni swali langu kabla hatujatawanyika, ninyi ambao Mola wenu anawasitiri mpaka leo: siku ile mliyokesha mkimwomba, akawaonyesha mlichokitaka, mliendelea naye safari, au mlisema, "Geuza"?