Filta ya Pikapu ya Mukhwana

Mkaza kwa sifa hufungua kwa aibu. Huku kwetu chini ya Mlima Elgon watu husema hivyo kila mara, hata wale wasiojua neno hili lilitoka wapi. Shangazi Nasike alilisema alasiri moja tulipokuwa tukipukuchua mahindi uani kwake. Mwenzetu Simiyu alikuwa akifunga gunia kwa goti na meno, akivuta kamba hadi macho yakamtoka, kwa kuwa wasichana wa jirani walikuwa wakipita. Shangazi akamtazama, akalisema, akaendelea kupukuchua. Sisi tukataka kujua ni nani aliyekaza, na alikaza nini.

"Masikio yasikilize, mikono isilale," akatuambia. "Methali hiyo ilianzia Chwele, kwenye gari, na ilianza hivi."

Pale Chwele palikuwa na fundi wa magari aliyeitwa Wabwile. Alikuwa fundi kweli, hilo tusimnyime. Gari likikohoa barabarani, yeye aliujua ugonjwa wake kabla halijasimama. Ila Mungu alimjalia mikono minene kama mchi, naye akaipenda ile mikono kuliko kazi yenyewe. Hata wakati wa baridi ya mlimani, shati lake lilikuwa limekatwa mabegani ili watu waone.

Siku moja ya soko, Mukhwana alimletea pikapu yake abadilishe oili. Filta ya oili ni kopo dogo la chuma linalozungushwa kwenye injini kama kifuniko cha chupa, na kwenye gari lile ilikaa ndani sana, kati ya ubavu wa injini na bomba la moshi. Lakini siku ile bomba lilikuwa limeshushwa kwa ajili ya kuchomelewa, kwa hiyo nafasi ilikuwa tele. Nafasi ikiwa tele, mwenye sifa hupata uwanja.

Kila fundi anajua, na Wabwile alijua vizuri, kwamba filta hupakwa oili kidogo kwenye mpira wake, kisha hufungwa kwa mkono mtupu. Mkono ukisema imetosha, imetosha. Lakini watu wa soko walikuwa wamesimama wakitazama, na Makokha, fundi wa ng'ambo ya barabara, alikuwa miongoni mwao.

"Wabwile, pole pole," Makokha akamtania. "Hiyo ni filta, si shingo ya jogoo."

Watu wakacheka. Wabwile akaona wamemcheka yeye. Akachukua mnyororo, akauzungusha kwenye filta, akapachika kipande cha bomba kiwe mpini, akavuta hadi mishipa ya shingo ikasimama. Mpira hakuupaka kitu. Ulilia, na kila mtu aliusikia.

"Filta niliyofunga mimi," akasema akipangusa mikono taratibu, "haifunguliwi na mwanamume mwingine. Anayetaka ifunguke, anitafute mimi."

Wakampigia makofi. Makokha akatikisa kichwa akarudi kwenye kazi zake. Bomba la moshi likarudishwa mahali pake, na ile filta ikafichika nyuma yake.

Miezi ikapita. Mpira uliofinywa ukiwa mkavu ulipasuka, na pikapu ikawa inaacha matone meusi kila iliposimama. Mukhwana alimweleza Wabwile zaidi ya mara moja. Wabwile alimjibu kwamba gari zee halikosi kamasi. Moyoni alijua ni nini, lakini kuifungua ile filta mapema kungekuwa kukiri, na yeye hakuwa mtu wa kukiri.

Kisha akafa Kundu wa Cheptais. Kundu huyu alikuwa ndugu wa Namalwa, na Namalwa ndiye mama aliyemzaa Nanjala, mke wa Wabwile. Kwa maneno mengine, alikuwa mama mkwe wake. Namalwa alimlea Kundu mgongoni tangu mama yao alipofariki. Kundu alipokuwa mtu mzima alikwenda kutafuta kazi mbali, akakaa huko miaka na miaka, na sasa alikuwa amerudi ndani ya jeneza. Mama yule alikuwa na ombi moja tu: amwone uso kabla hajafunikwa. Basi la alfajiri lilikuwa limekwenda. Wakati ule hapakuwa na pikipiki kila pembe kama sasa. Gari lililobaki lilikuwa pikapu ya Mukhwana.

Mukhwana akawachukua Namalwa na Nanjala, wakaondoka asubuhi. Walipofika Chwele, taa nyekundu ya oili ikawaka. Mukhwana akapinda moja kwa moja hadi kwa Wabwile.

"Huu mlima siupandi hivi," akasema. "Injini itakufa njiani."

"Ni filta tu," Wabwile akajibu. "Kabla mama hajakaa vizuri, nimemaliza."

Namalwa akashuka, akaenda kuketi barazani pa duka la jirani, leso kichwani, uso ameugeuzia ukutani. Hakuwa na kisirani. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, wala hawaitani kwa jina. Akitaka kumwambia neno, humpitishia binti yake, hata kama mkwe amesimama hapo hapo na masikio yake mawili.

Wabwile akamwaga oili iliyobaki, akaingia chini ya gari. Mkono ulipenya hadi kifundoni ukakwama. Akaupitisha kutoka juu, ukakutana na bomba la moshi, likamchubua. Vidole viliigusa filta lakini havikuweza kuishika. Mikono ile iliyomletea makofi sasa ilikuwa minene kupita nafasi. Akajaribu mnyororo, haukuwa na pa kuzungukia. Akajaribu kulishusha bomba la moshi. Nati zake zilikuwa zimeliwa na kutu, spana ikateleza.

"Nanjala," sauti ya Namalwa ikatoka barazani, "muulize fundi kama gari litaondoka."

"Mwambie mama limekaribia," Wabwile akajibu kutoka chini ya gari, kabla Nanjala hajafungua kinywa.

Akashikwa na haraka. Akachukua bisibisi ndefu na nyundo, akaitoboa filta ubavuni ili bisibisi iwe mpini wa kuizungushia. Akavuta. Filta haikusogea hata unywele. Bati lake ndilo lililochanika. Akatoboa upande wa pili, likachanika tena, na oili chafu ikammwagikia usoni na kifuani. Hapo ndipo alipoona alichokifanya. Mwanzoni gari lingeweza kujazwa oili na kujikokota hadi mbele kidogo. Sasa, filta ikiwa imeraruka vile, halikuweza kutembea hata kidogo.

Alilala pale chini akitazama bati lililochanika. Shati lilikuwa limepanda, tumbo li wazi, miguu imetoka nje ya gari kama ya mlevi, na mama mkwe wake alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Alitamani ardhi ipasuke. Hakuona aibu ya watu, hao aliwazoea. Aliona aibu ya yule mama mmoja aliyegeukia ukuta.

"Nanjala," sauti ikarudi, sasa imeshuka, "mwambie jua linakwenda. Mwambie hawatamwacha wazi mpaka jioni."

Wabwile akaiweka nyundo chini. Alijivuta akatoka, akavuka barabara akiwa ameloa oili, akasimama mbele ya Makokha.

"Ndugu yangu," akasema, "njoo unisaidie. Ile filta imenishinda."

Makokha alikuwa na maneno mengi ya kumpa, na haki ya kuyasema. Lakini alimwona Namalwa ng'ambo, akachukua vifaa vyake, akaja. Alichungulia, akaingiza mkono, akautoa.

"Ulisema haifunguliwi na mwanamume mwingine," akasema pole pole. "Ulisema kweli. Mimi pia siiwezi. Labda sote wawili."

Basi wakashirikiana. Wakalikata kopo kidogo kidogo wakalitoa vipande vipande, hadi kikabaki kitako chake tu, kimeng'ang'ania injini kama kupe. Wabwile akalala chini akaiegemeza patasi kwenye ukingo wa kile kitako kwa ncha za vidole, na Makokha akaigonga kutoka juu kwa chuma kirefu. Kila baada ya mapigo machache, moja lilimpata Wabwile vidoleni. Aliendelea kuishika patasi. Aliona afadhali maumivu yale.

Kitako kilipolegea, wenye maduka walikuwa wameshakula chakula cha mchana. Wabwile akachukua filta mpya, akaupaka mpira wake oili, akaifunga kwa vidole vyake vinavyotoka damu, mkono mtupu. Hakuna aliyepiga makofi. Injini ikajazwa oili, Makokha akavuka barabara, na Wabwile akapanda nyuma ya pikapu akiwa vile vile alivyo, kwa kuwa hakuweza kubaki.

Walipofika Cheptais, walisikia sepetu kabla ya kuona watu. Wazee walikuwa wamesubiri na kusubiri, mvua ikakusanyika mlimani, wakaona heri wamzike kabla kaburi halijajaa maji. Udongo ulikuwa umekwisha kufika juu. Namalwa alisogea hadi ukingoni, akatazama chini mahali ambapo hapakuwa na cha kutazama. Akachukua konzi ya udongo, akaitupa, akabaki mkono umenyooka.

Mzee aliyeongoza maziko akamsogelea. "Dada yetu, wewe ndiye uliyemlea. Tulikungoja. Ni nini kilichokuchelewesha?"

Watu wote wakamgeukia. Wabwile alikuwa nyuma kabisa, karibu na ua wa migomba, oili imemkaukia shingoni. Alijua mama yule ana haki ya kulitoa jina lake pale mbele ya koo zote mbili. Alijua pia kwamba hawezi kulitoa. Mama mkwe hamtaji mkwewe hadharani, hata kwa jema, sembuse kwa baya. Angekuwa mtu mwingine yeyote angemtaja, na mambo yangekwisha siku ile ile.

Namalwa akapangusa udongo mkononi. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu, "Mkaza kwa sifa hufungua kwa aibu."

Akaishia hapo. Wengine walitazamana, wakadhani ni huzuni inasema. Mukhwana aliinamisha kichwa. Nanjala akalia, na sidhani alikuwa akimlilia mjomba wake peke yake. Wabwile alisimama pale migombani, na kila neno lilimfikia.

Neno lile likatembea. Kabla ya msimu kuisha lilikuwa limefika Chwele, likasemwa kwa mafundi, kwa wafunga mizigo, kwa vijana wanaooa kwa mbwembwe. Wabwile alilisikia dukani na kanisani kutoka kwa watu wasiojua kwamba wanamsema yeye. Alishona mikono kwenye mashati yake. Hakugusa tena mnyororo kufunga filta.

Mama mkwe wake aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila walipokutana njiani, aligeuza uso na kujifunika leso, kama desturi inavyotaka. Wabwile naye alisimama kando akainama, akangoja apite. Na kila mara alijiuliza kama anageuziwa uso kwa heshima au kwa sababu ya Kundu. Hapakuwa na wa kumuuliza. Mama akafa hajamjibu.

Shangazi Nasike akaokota hindi jingine la kupukuchua. Hapakuwa na aliyecheka. Simiyu alisogea kwenye gunia lake, akahangaika kulifungua fundo lile kwa kucha, kisha kwa meno, wasichana wa jirani wakirudi kutoka kisimani na kumpita. Lilipolegea hatimaye, uso wake ulikuwa umelowa jasho, na alilifunga upya bila kuvuta sana.

"Umelisikia?" Shangazi akamuuliza.

"Nimelisikia," akasema Simiyu, macho chini. "Mkaza kwa sifa hufungua kwa aibu."