Sandarusi Juu ya Mpingo

"Shauri la Kuteua Mpako Usio na Rangi kwa Marfaa Moja ya Msikiti." Ndivyo karani wa wakfu alivyoandika, akagonga mihuri miwili. Wapokezi wa habari wanasimulia kwamba marfaa yenyewe, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu, ilikuwa nyepesi kuliko waraka wake.

Aliyeichonga kwa mpingo, kwa maua membamba kama nyuzi, ni marehemu mumewe Bi Shegoa. Alifariki kabla ya kuipaka. Mjane akaitoa wakfu, akampelekea Fundi Barahiyani, mja mcha Mungu.

"Ipake nta tu, mwanangu. Niione kazi ya mkono wake."

Lakini karani na wajumbe wa wakfu wakataka sandarusi, mpako wa utomvu ung'aao kama kioo, kwa kuwa Liwali angekuja kuitazama, na Liwali hupenda king'aacho.

Kawaida ya Barahiyani ilikuwa kuujaribu kila mpako upande wa chini wa mti, kisha kungoja siku saba. Siku ya sita aliigeuza marfaa, akaona sandarusi aliyoijaribu imefanya ukungu mweupe, mfano wa mtoto wa jicho. Mara karani akaingia.

"Fundi, Liwali ni kesho! Bado unaichungulia tumbo kama mkunga?"

Barahiyani alitaka kusema. Ila wajumbe walikwisha tia sahihi, naye akaona haya kuwapinga wakubwa. Akapaka.

Liwali akasifu, akaondoka. Masika yalipoingia, marfaa nzima ikawa kama imemwagiwa maziwa. Wajumbe wakakutana, wakamtia hatiani umande wa bahari, ambao haukuhudhuria kikao. Fundi akaletewa karatasi atie dole gumba.

"Umande haukushika burashi," akasema, akaenda kwa Bi Shegoa.

"Nilijua, mama. Tangu siku ya sita."

Bi Shegoa akauliza, "Kwani nyumba yangu iko mbali na karakana yako?"

"Hapana, mama. Mlango wa tatu."

"Haya."

Enyi ndugu, tunataraji Mola alimkubalia toba yake, maana alikiri pale ambapo kila mtu alikuwa radhi anyamaze. Tumwombe atujaalie kusema mapema, wakati kusema kungali kunafaa.

Sandarusi haikutoka ila kwa kukwanguliwa. Barahiyani aliikwangua kwa siku kumi na moja, akapaka nta, na weusi wa mpingo ukarudi. Maua ya marehemu yalikwanguka yote.