Pembe Moja ya Paneli

Mama mmoja, jina lake Sinyati, alikuwa na shamba la vitunguu, kisima, na wana watano wa kulisha. Mvua ilipogoma, akauza mbuzi wake wote, akanunua pampu na paneli ya sola, kioo cheusi kipana kuliko meza ya kulia.

Akakipenda mno kile kioo. Na sisi kitu tukikipenda tunakifanyaje? Tunakifunika! Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa. Sinyati akaifumia paneli kitambaa cheupe chenye maua, akakitandika juu yake, isiunguzwe na jua wala kuingiwa na vumbi. Pampu ikakohoa, ikanyamaza. Akalaumu kisima, akamlaumu muuzaji. Majani ya vitunguu yakaanza kulala, na mbuzi hakuwa nao tena.

Siku ya nne akaja Itika, fundi wa sola. Akaona, akacheka mpaka akaketi chini. Kisha akamweleza kwa upole kwamba mwanga ukipiga kioo kile husukuma chembe ndogo sana zilizomo ndani, na chembe zile zikikimbia kwenye waya, mwendo wao ndio umeme. Hakuna moto, hakuna mafuta, mwanga peke yake! Niliposikia hilo mara ya kwanza, nawaambia, nilisisimka mwili mzima.

Sinyati akafunua. Lakini kuyaondoa maua aliyoyafuma kulimtia uchungu, akaacha pembe moja imefunikwa, si kubwa kuliko leso. Maji yakatoka tone, tone. Akasema kioo ni kibovu. Kumbe vipande vya kioo kile vimeunganishwa kama watu walioshikana mikono, na kimoja kikikaa gizani kinavizuia vingine.

"Toa kitambaa chote, mama," akasema Itika. "Kioo hiki hakiumizwi na jua. Kinaumizwa na huruma yako."

Sinyati akakivuta kitambaa. Pampu ikanguruma saa ileile! Maji yakaruka kutoka kwenye mpira wa pampu, yakamlowesha Sinyati kichwa mpaka miguu, naye akapiga vigelegele, na wanawe wakakimbilia mifereji na majembe. Vitunguu vikapona. Jamani, na jua lilikuwa palepale siku zote nne!

Basi ninyi mnaomwomba Mungu nguvu kila asubuhi, ile pembe moja ya moyo mnayomficha mnamtunzia nani?