Tumbo Mbele, Tumbo Nyuma

Ngano, ngano!
— Na ije!
Ije na nini?
— Ije na uongo wake, ukweli tutauokota wenyewe!

Basi kaeni. Na wewe wa nyuma acha kutafuna muwa, nataka nisikie sauti yangu.

Palikuwa na Pimbi. Mnyama mdogo, hamzidi sungura kwa ukubwa, na makazi yake ni majabali. Huyu Pimbi alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Ubao wake jabali, chaki yake jiwe jeupe, wanafunzi wake watoto wa wanyama walao majani. Kila asubuhi aliandika, kwaru kwaru, akauliza, "Huyu analiaje?" Hakuuliza anaitwaje. Alisema herufi ina jina na ina sauti, na anayejua majina tu atazeeka hajasoma.

"Huyu analiaje?"
"Mmm."
"Na huyu?"
"Aaa."
"Wakishikana mikono?"
"Ma."

Walikuwa wamemaliza a, e, i, o, u, na wengine wengi. Waliobaki ni wachache, na kati yao ni b na d.

Siku moja Fisi akaingia darasani. Watoto wakajikunja ukutani.

"Shikamoo, mwalimu," Fisi akasema, mate yanamtoka.

"Marahaba. Una shida gani, Bwana Fisi?"

"Nataka kusoma. A be che de naijua yote." Akaiimba kweli, mpaka mwisho, na kichwa akitingisha. Lakini kuimba si kusoma. Akionyeshwa herufi moja anaitazama tu, na yenyewe inamtazama.

"Kwa nini unataka kusoma uzeeni?"

Fisi hakuficha, kwani nani angemfanya nini? Nje ya shule palikuwa na jiwe la matangazo. Kila asubuhi Mama Nyati, kabla ya kwenda malishoni, aliandika hapo mtoto wake yuko na nani. Aliandika: *mtoto wa nyati yuko pangoni na baba*. Au aliandika: *mtoto wa nyati yuko pangoni na dada*. Ikiwa ni dada, majirani wapite kuchungulia, maana dada bado hajaota pembe. Ikiwa ni baba, kila mtu aendelee na shughuli zake.

"Lile pango ni giza," Fisi akasema. "Sijui ndani kuna nani. Nikijua kusoma, nitajua. Utanifundisha, mwalimu, au kila siku nitakula mwanafunzi mmoja. Naanza na huyu." Akamnyooshea kidole Mashavu.

Mashavu alikuwa mtoto wa Paa. Mdogo kuliko wote, na kwa kusoma hakuna aliyemfikia. Baba yake alikufa kiangazi cha nyuma; amebaki na mama, na dada mmoja aliyeolewa ng'ambo ya kijito.

Pimbi akamtazama Mashavu, akamtazama Fisi. Akapanda jabalini akaandika, kwaru kwaru, fimbo yenye tumbo mbele.

"Huyu ana tumbo mbele," akasema. "Analia *d*. Semeni: d, a, da. Dada."

"Dada," watoto wakasema. "Dada," Fisi akasema.

Akaandika fimbo yenye tumbo nyuma. "Huyu ana tumbo nyuma. Analia *b*. Semeni: b, a, ba. Baba."

"Baba," watoto wakasema. "Baba," Fisi akasema.

Mnacheka. Cheka tu, hata mimi zamani nilikuwa nacheka hapo.

Siku saba Pimbi alifundisha hivyo, na siku saba watoto waliitikia hivyo. Angewanong'oneza ukweli, kwamba b na d amewabadilishia sauti, lakini siri ya mtoto haina kifuniko, tena Fisi alilala mlangoni mwa darasa kama mkeka. Mwalimu aliogopa, masikini. Na tuseme ukweli, alikuwa anaifurahia pia akili yake.

Siku ya saba mwalimu alitoka kunywa maji. Fisi si mjinga kiasi hicho. Akamsogelea Mashavu, akachora mchangani fimbo yenye tumbo mbele.

"Mjukuu wangu, huyu analiaje?"

"Analia *d*, babu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mwalimu ndivyo alivyotufundisha."

Fisi akamtazama machoni. Hakuona uongo, kwa sababu haukuwemo. Fisi hakumwamini mwalimu, lakini mtoto alimwamini. Akainuka, akaaga kwa adabu.

Kesho yake Mama Nyati akaandika *dada*. Fisi akaja, akasoma kwa kidole, b, a, ba, b, a, ba, akasema, "Kumbe ni baba." Akameza mate, akaondoka.

Kesho kutwa Mama Nyati akaandika *dada*. Fisi akaja, akasoma kwa kidole, akasema, "Leo tena ni baba." Akameza mate, akaondoka.

Siku ya tatu Mama Nyati akaandika *baba*. Fisi akaja, akasoma kwa kidole, d, a, da, d, a, da. Akacheka, hii hii hii, akaenda mbio mpaka pangoni. Hakubisha hodi. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akasema, "Dada, nimekuja kumwona mtoto."

Mara, puu! Fisi akatoka pangoni bila miguu yake kugusa chini. Akaangukia upande wa pili wa kilima, akaondoka anachechemea, na nchi ile hakuikanyaga tena. Ndiyo sababu fisi mpaka leo nyuma yuko chini.

Wanyama wakamtafuta mwalimu. Wakambeba juu juu, wakampigia ngoma siku mbili nzima. Pimbi akasema moyoni, hawa watoto nitawasahihisha kesho. Ngoma ikiisha, kesho.

Kesho hiyo, ngoma bado inalia, mama yake Mashavu akaitwa ng'ambo ya kijito. Binti yake amejifungua. Mashavu alikuwa ngomani, na kwa mara ya kwanza mama akaona hana haja ya kumtuma jirani. Mwanangu sasa anasoma. Akaandika kwenye jiwe la mlangoni, kwa mkono wa furaha: *nipo kwa dada*.

Mashavu akarudi. Akasoma. N, i, ni. P, o, po. Nipo. K, w, a, kwa. Nipo kwa. Tumbo nyuma, b, a, ba. Tumbo nyuma tena, b, a, ba.

Nipo kwa baba.

Siku tatu walimtafuta. Walimkuta kaburini kwa baba yake, amefukua udongo mpaka kwato zimelika, sauti imemkauka kwa kumwita mama atoke. Mama alipomkumbatia, mtoto alimsukuma kwanza, hakujua ni nani.

Pimbi naye alifika, mbio, pumzi hana. Tayari alikuwa ameliona lile jiwe la mlangoni. Hakuhitaji kuambiwa.

"Mwalimu," Mashavu akasema, "mimi nilisoma vizuri. Nilisoma mara tatu."

"Ulisoma vizuri, mwanangu," Pimbi akasema. "Kosa ni langu." Akataka kueleza habari za Fisi, na pango, na mtoto wa Nyati aliyepona. Yote yalikuwa kweli. Akaona hata moja haliingii mdomoni.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Wengine wale walinyooka baada ya mwezi, wakikosea wanacheka, wanafuta, wanaandika upya. Mashavu alijifunza upya pia, tena haraka. Lakini ukimwonyesha herufi, hata *a*, hata leo, haitazami. Anakutazama wewe usoni kwanza, muda mrefu, ndipo anasoma.

Na Pimbi aliendelea kufundisha. Angefanya nini kingine? Kila asubuhi aliandika, kwaru kwaru, akageuka, na kila alipogeuka yale macho yalikuwa usoni pake.

Sasa funzo. Toeni madaftari. Funzo la ngano hii ni kwamba mwalimu hakosei. Andikeni hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri, na anayebisha aje mbele aeleze.

Ngano nimeitua chini. Aliyeiona tamu aibebe aende nayo kwao. Aliyeiona chungu aniachie mimi, nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja.