Nani Ampe Jina Mtoto wa Naetwe?

Sikilizeni hii, na msiniulize ilitokea mwaka gani.

Huko Upare, kwenye milima ya tangawizi, walikuwapo ndugu watatu ambao bila miwani hawakutofautisha mbuzi na mwenye mbuzi. Miwani yenyewe mizito kama kitako cha chupa. Wakaenda mjini kutibiwa macho kwa leza, wakarudi kila mmoja na yake.

Sifueli alifunuliwa utando wa juu wa kioo cha jicho, akapigwa mionzi, akafunikwa. Kesho yake tu anakuonyesha ndege aliyetua ng'ambo ya bonde. Lo, majigambo yake! Ila giza likiingia, kila taa aliiona imezungukwa na mapete ya mwanga.

Mkunde alitobolewa tundu dogo kwenye kioo cha jicho, kikavutwa nje kipande chembamba kilichochongwa humo na leza. Asubuhi yake dunia ilikuwa imefifia kidogo, lakini usiku taa kwake ilikuwa taa.

Nakijwa, kitinda mimba, kioo cha jicho lake kilikuwa chembamba mno kwa njia hizo. Alikwanguliwa juu juu ndipo akapigwa leza, akarudi na machozi, maumivu na ukungu. "Utachelewa, lakini utafika," daktari alimwambia.

"Wenzako tumepewa macho, wewe umepewa moshi!" kaka yake Sifueli akamtania.

Nakijwa alicheka, ila moyoni aliogopa kweli. Je, kama ndiyo basi tena?

Wiki haijaisha, dada yao mkubwa Naetwe, mwenye mimba pevu, akaenda shambani peke yake, na jua likainama hajarudi. Mimba yake ya kwanza iliharibika, na hii aliilia miaka. Ndugu wakatoka mbio.

Sifueli akapanda kilimani. "Kikapu chake kile! Ng'ambo, kwenye migomba!" Hakuna mwingine aliyekiona. Wakashuka upande huo.

Walipofika, giza limeingia na majirani wametapakaa na tochi. Sifueli akawa anaona mapete matupu, kila hatua anajikwaa. Mkunde akasema, "Taa zote zinatembea, isipokuwa ile pale chini." Akawaongoza hadi kwenye simu ya Naetwe, imeanguka nyasini, inawaka. Mwenyewe hayupo!

Watu wakaanza kuita, kila mtu na sauti yake. Nakijwa, aliyekuja ameshika bega la Mkunde njia nzima, siku hizo alikuwa akiishi kwa masikio.

"Nyamazeni!" akafoka.

Akasikia mguno ndani ya mfereji mkavu. Akateremka kwa kupapasa, akamkumbatia dada yake. "Nipo, dada. Sukuma." Mtoto wa kike akalia mikononi mwake.

Sasa, katika ukoo ule, anayempa mtoto jina ndiye mzazi wake wa pili mpaka kufa, na jina hutolewa na mtu mmoja tu. Siku ya kumtoa mtoto nje, Naetwe akasema, "Aliyemwokoa mwanangu ndiye atakayempa jina. Ni nani?"

"Mimi," akasema Sifueli. "Bila mimi mngekuwa mlima mwingine."

"Na bila mimi," akajibu Mkunde, "wewe ungekuwa bado unafukuza mapete yako."

Nakijwa hakubishana. Ukungu wake ulikuwa umeanza kuondoka, naye alikuwa akitazama kope za mtoto, moja moja, machozi yakimtoka kwa furaha.

"Dada," akasema, "huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemwona vizuri."

Naetwe akawatazama wote watatu, akashindwa. Mtoto yuko mapajani, hana jina, na ndugu wamenyoosha mikono. Haya jamani, ungekuwa wewe ndiye mama yake, ungemkabidhi nani?