Raihana na Ukuta wa Kati wa Nyumba ya Fahari

Paliondokea katika mji wa Zafarani sultani mmoja aitwaye Munadhiri bin Tawfiki, mtu mwema kwa kadiri masultani wanavyoweza kuwa wema, na mji wake ulikuwa na misikiti mia na visima mia mbili na washairi wasiohesabika, wengi wao wakimsifu yeye. Lakini fahari ya Zafarani haikuwa misikiti wala washairi, bali nyumba moja ya ghorofa saba, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ndani yake zikikaa kaya sitini, na jina lake Nyumba ya Fahari. Na asubuhi ya Jumatatu, watu wakiwa kwenye uji, nyumba ile ikaanguka kwa muda wa mtu kupiga chafya mara tatu, na watu arobaini na mmoja hawakumaliza uji wao.

Siku ya tatu, maziko yalipokwisha, Waziri Lutufi akasimama barazani, akapangusa machozi ambayo hakuna aliyeyaona, akasema: "Ewe Maulana, sababu tumeipata. Mahali pale pana jini, na mwashi aliyeweka msingi, Sudi bin Fumo, hakumchinjia mbuzi. Jini kakasirika, kaisukuma nyumba. Damu ya watu iko shingoni mwa mwashi, basi shingo hiyo na ikatwe Ijumaa."

Wakubwa wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa sababu ile ilikuwa nyepesi kuibeba, na haikumgusa yeyote aliyevaa kilemba cha hariri.

Nyuma kabisa, karibu na viatu, alikuwa amesimama Raihana, mwana wa pekee wa mwashi Sudi, aliyeshika timazi ya baba yake, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima wa kuta, tangu hajang'oka meno ya utoto, na chokaa ilikuwa bado kuchani mwake. Alimwona baba yake kapigishwa magoti, kamba mikononi, naye akashikwa na hofu. Lakini chini ya hofu ile palikuwa na jambo jingine lililomchoma zaidi, nalo ni kwamba kazi yao ilikuwa imetukanwa mbele ya watu.

"Maulana, nina neno."

"Nani huyo?"

"Raihana binti Sudi, mwashi mwana wa mwashi. Mbuzi alichinjwa, Maulana. Nilikuwapo. Wa kahawia, pembe moja imevunjika, na paja lake la kulia likapelekwa nyumbani kwa Bwana Waziri. Sahani ilirudi. Paja halikurudi."

Mtu mmoja akacheka, kisha akakumbuka alipo, akakohoa.

"Na hapa wameshtakiwa wawili," Raihana akaendelea, "na mmoja hajasikilizwa. Jini na aitwe."

Sultani Munadhiri alikuwa na pete ya akiki aliyoirithi kwa babu zake, na majini wote wa Zafarani walifungwa kuitii. Akaisugua, na moshi wenye harufu ya udi ukapanda, na ndani yake akatoka jini Darakutu, kichwa kikigusa dari na ndevu zikifagia mazulia, akasema, "Labeka, mwenye pete." Akasomewa mashtaka.

"Mimi? Kwa mbuzi?" Darakutu akang'aka. "Maulana, niliwahi kung'oa mlima nikausogeza kwa kuwa ulimzibia bibi mmoja jua! Nikiangusha nyumba mimi, hata bahari inahama. Ile ilijiangukia yenyewe, tena imeniangukia mimi niliyelala chini yake, na mgongo unaniuma mpaka leo. Na nani kawaambia majini wanakula mbuzi?"

"Majini ni waongo," akasema Waziri.

"Basi asiseme," Raihana akajibu. "Atende. Maulana, mwamuru ainyanyue nyumba, kama ilivyokuwa siku baba yangu alipokunja timazi yake."

Msafara wote ukaenda kwenye kifusi, na Sultani akaamuru, na mawe yakaruka kama njiwa waliotawanywa, kila jiwe likarudi kwa jirani yake. Ikasimama nyumba ya ghorofa tatu, nyeupe, imenyooka. Raihana akaingia, akaupiga ukuta wa kati kwa kiganja, nao ukatoa sauti nzito.

"Boriti zetu za mkoko hazizidi dhiraa sita," akasema, "ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba, na ndiyo maana pana ukuta huu, unaozipokea kutoka pande zote mbili. Msingi ulichimbwa wa ghorofa tatu. Baba alilisema hilo waziwazi, akafukuzwa kazini kwa kulisema. Ongeza, Darakutu."

Jini akaongeza ya nne, na ya tano, na ya sita, na ya saba, na nyumba ikaguna, na nyufa nyembamba kama unywele zikatambaa ukutani.

"Tazama, Maulana, bado imesimama," akasema Raihana, na sauti yake haikuwa na unyenyekevu hata chembe. "Msingi wa ghorofa tatu umebeba saba mwaka mzima. Huyo ndiye mwashi mnayetaka kumkata shingo. Sasa Darakutu, tuoneshe ilivyokuwa kuanzia siku ya sherehe ya kuufungua ukumbi mpya."

Ukuta wa kati ukatoweka, na pakabaki ukumbi mpana wenye kiti cha enzi, na boriti zilizoungwa ncha kwa ncha kwa kamba, na kamba zikafichwa kwa hariri ya kijani. Darakutu alikuwa ameizuia dari kwa kidole kimoja.

"Bwana Waziri," akasema Raihana, "ingia ukae kitini, naye atatoa kidole. Kama ni jini aliyeiangusha nyumba, jini si huyu hapa, amefungwa na pete? Unaogopa nini?"

Waziri akaitazama dari, akakitazama kidole. "Nina jipu," akasema.

"Kukaa huwezi? Basi simama humo."

Hakusimama humo. Akaanguka kwa magoti. "Maulana, ukuta niliutoa mimi, na ghorofa niliziongeza mimi. Lakini..." Akamtazama Sultani.

Raihana akajua kwamba hapo angeweza kukomea, na baba yake angekwenda nyumbani. Akawafikiria wale arobaini na mmoja na uji wao.

"Hiyo 'lakini' yake niimalizie mimi," akasema. " Maulana, ulipokuja kuitazama nyumba nilikuwa juu ya jukwaa napaka chokaa. Ulisema: 'Mbona ukumbi mwembamba kama ushoroba? Na ghorofa tatu, ndiyo fahari hiyo?' Wote wakasema umesema kweli. Baba peke yake alisema hapana."

Sultani akavua kilemba, akaingia peke yake ukumbini, akasimama chini ya kidole muda mrefu, mpaka Darakutu akasema kwa adabu, "Maulana, kidole kinachoka." Akatoka, na jini akatoa kidole, na nyumba ikaanguka mara ya pili, safari hii tupu.

"Mfungueni mwashi," akasema Sultani. "Sababu ni mimi niliyesema, na Lutufi aliyetii, na nyinyi mlioitikia. Na iandikwe hivyo."

Waziri akapelekwa kuchimba matumbawe, pamoja na jipu lake. Raihana akafanywa mkuu wa waashi, na akaombwa aseme anachotaka. Akataka Darakutu aachwe huru, na akataka sheria: asipangishwe mtu nyumba mpaka aliyeiamuru na aliyeijenga wakae ndani, na watoto wao, siku arobaini. Wa kwanza kukaa alikuwa Sultani. Na mwana wa Sultani alipomchumbia, Raihana alimwambia abebe chokaa kwanza. Akabeba masika nzima, na mikono yake ilipoacha kulalamika wakaoana, wakajaaliwa neema, na mahari ilikuwa timazi ya shaba.

Na katika nyumba mpya ya ghorofa tatu, ukuta wa kati umechongwa majina arobaini na moja. Hekaya yangu imefika hapo. Nanyi mkikaribishwa katika ukumbi mpana, sifuni mapazia mkipenda, lakini ulizeni kwanza ukuta ulikwenda wapi.