Boksi la Jua la Kiboko

Ngano inakuja!

— Ije, tumekwisha kaa.

Ina meno!

— Isituume sisi, imuume Kiboko!

Haya. Wanyama walikuwa na chuo chao kando ya mto. Fuko alisoma hapo, na chumba chake kilikuwa shimo chini ya chumba cha Nguruwe. Walikuwa marafiki wa kushibana.

Nguruwe alikuwa mweupe, na wenzake walimcheka. "Umepauka kama ugali!" Mahafali yalikuwa yanakaribia, naye akatamani awe wa kahawia kama pilau. Kiboko, mwenye nguvu kuliko wote chuoni, akaona hapo pana ulaji. Akaleta boksi kubwa lenye taa kali, akaliweka nyuma ya bwalo.

"Lala humu, utatoka unang'aa," akatangaza. "Nami nipe chakula chako cha mchana, basi."

Nguruwe akalala, zzzzz. Kesho yake akalala, zzzzz. Keshokutwa akalala, zzzzz. Hata Mbuni akaja kuingiza shingo. Na Kiboko akala sahani mbili, akala sahani tano, akala sahani kumi.

Miezi ikapita. Siku moja Nguruwe akamwita Fuko. "Ndugu yangu, hebu nishike hapa begani. Kidonda hiki kina miezi mitatu, hakiponi."

Fuko haoni vizuri, kwa hiyo akapapasa. Kigumu, na kingo zake zimepindapinda.

"Twende kwa daktari."

"Mahafali yakiisha."

"Twende sasa, dada!"

"Kiboko amesema huo ni uzuri unajitokeza."

Fuko alijua jambo moja: Kiboko mwenyewe hakulala humo hata siku moja. Jua likichomoza tu, Kiboko hujipaka tope mgongoni, chwapu chwapu, kisha hujitosa mtoni mpaka saa ya kula. Akawaambia wenzake. Wakamcheka. "Wewe wa shimoni, habari za mwanga unazijulia wapi?"

Basi akaondoka. Akaenda shambani, akaviringisha boga kubwa, viringi viringi, akalisukuma hadi mwisho kabisa wa boksi. Saa ya chakula, wote wakiwa kwenye foleni, akasema:

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Kuna mtu ameficha boga ndani ya boksi lako."

"Boga langu!" Kiboko akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akaingiza tumbo. Akakwama, kwaa! Fuko akabonyeza swichi, ta!

Zzzzz.

"Fuko, zima!"

"Nizime nini, bwana? Unapata rangi."

"Zima, nakuomba!"

"Si ulisema ni uzuri unajitokeza?"

"Nilidanganya! Mwanga huu unachoma ngozi! Unaleta saratani! Unadhani tope najipaka la nini kutwa nzima? Najua! Zima!"

Foleni nzima ikasikia. Fuko akazima. Ilibidi Tembo amvute Kiboko kwa mkia, na boksi likapasuka vipande vipande.

Nguruwe hakungoja mahafali. Jioni ile ile alikwenda kwa Daktari Korongo, Fuko akimfuata nyuma. Korongo akakikata kidonda pamoja na ngozi ya pembeni, akakichunguza.

"Ni saratani ya ngozi," akasema. "Lakini umewahi. Haijasambaa."

Nguruwe akalia. Fuko akamshika mkono.

Siku ya mahafali Nguruwe alipanda jukwaani mweupe vile vile, kovu begani, kofia pana ya majani kichwani. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamejibana kivulini, wamejipaka tope hadi masikioni, na Mbuni amejifunga kitambaa shingo nzima.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyesinzia amuulize jirani.

— Na fundisho lake?

Fundisho ni moja tu, likamateni vizuri: maboga huharibu ngozi. Mkiliona boga, kimbieni!